Pesa za kujenga zipo, za kutufunza haki zetu za makao ziko wapi?



Kila mwisho wa mwezi mfanyakazi wa Kenya hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba, na mwajiri wake huongeza kiasi hicho hicho. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa saini tarehe 19 Machi 2024, imeyafanya makato hayo kuwa ya lazima hata kwa yule ambaye tayari ana paa lake. Sina ugomvi na ujenzi. Nyumba zatakikana. Kinachonikera ni kwamba katika fedha zote hizo, na katika fedha za kaunti yetu ya Mombasa, sijaona hata shilingi moja iliyofika mtaani kwetu kumfunza mkazi haki zake juu ya nyumba anayoishi leo. Kazi hiyo imeachiwa wafadhili wa ng'ambo na vijana wa kujitolea. Sasa wafadhili wamefunga mikono, na vijana wamebaki na mafaili.

Wasomaji wa bara huenda wasijue jinsi Mombasa inavyokaliwa. Huku Kisauni, na vilevile Majengo, Likoni na Changamwe, mtu hujenga nyumba kwa jasho lake juu ya ardhi ya mwingine, akawa analipa kodi ya kiwanja. Nyumba ni yake, ardhi si yake. Nyumba bila ardhi ndivyo tunavyoziita, na mizizi yake ni ya kale: sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye shamba pwani aje adai kwa karatasi, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya mkoloni. Waliojua kusoma na kuandika na kufika ofisini walipata hati. Waliobaki wakawa wapangaji wa ardhi waliyoizoea tangu mababu. Miaka imepita, familia zimelipa kodi ya kiwanja kizazi baada ya kizazi, kisha mwenye shamba anafariki, warithi wanauza, na siku moja mnunuzi anasimama mlangoni na hati miliki mkononi na askari wawili nyuma yake.

Hapo ndipo elimu inapookoa, au kukosekana kwake kunapoangamiza. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, yataka mtu anayeondolewa kwa madai ya kukaa kwenye ardhi ya mwingine kinyume cha sheria apewe notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu. Notisi hiyo yatakiwa iwe kwa lugha ya taifa na lugha rasmi, yaani mkazi wa Kisauni asiletewe Kiingereza kitupu. Wakuu wa utawala na wa polisi wa eneo wapate nakala. Aliyepewa notisi ana haki ya kwenda mahakamani kabla miezi hiyo haijaisha. Hayo yote yameandikwa, lakini katika watu kumi wanaopokea karatasi huku kwetu ni nadra kumpata mmoja anayeyajua. Wengi huanza kung'oa mabati wenyewe wiki ile ile, kwa hofu, ili angalau waokoe mbao.

Alikuja kwenye kikundi chetu cha mtaani cha kusaidia wakazi kisheria mjane mmoja na karatasi aliyoitia dole gumba. Alidhani ni risiti ya kodi ya kiwanja. Kumbe ilikuwa makubaliano kwamba atahama kwa hiari, na kwamba hatadai fidia. Imeandikwa Kiingereza kuanzia juu hadi chini. Kama angelisomewa siku moja kabla, asingelitia dole.

Na si wenye nyumba bila ardhi pekee. Mpangaji wa chumba kimoja naye analindwa na sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, ambayo ina jopo lake la kusikiza kesi. Chini ya sheria hiyo, mwenye nyumba anayemsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame atenda kosa. Lakini ulinzi huo unahusu nyumba ambayo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kilikuwa na maana zamani. Leo nenda ukatafute chumba chenye umeme na maji Mombasa kwa Sh2,500 uone utaishia wapi. Kwa nini hakijabadilishwa miaka yote hii? Kwa sababu wenye nyumba wana vyama, wana mawakili na wana namba za simu za waheshimiwa, na wapangaji hawana mtu wa kuwaita kikao. Kazi ya utetezi ni hiyo hasa: kuwakutanisha watu wenye shida moja mpaka sauti yao ifike bungeni. Nauli inahitajika, na karatasi, na mtu wa kuifanya kazi hiyo kila siku, si Jumamosi moja moja.

Kikundi chetu kilikuwa na watu wawili waliopata mafunzo ya usaidizi wa kisheria. Baada ya alasiri walikaa barazani, watu wakaja na notisi zao, zikasomwa, zikajibiwa. Waliokuwa na kesi walisindikizwa hadi mahakamani. Ruzuku iliyolipa posho yao ilitoka kwa shirika moja la mjini, ambalo nalo lilitegemea fedha za nje. Mnamo 20 Januari 2025 rais wa Marekani aliamuru misaada ya nje isimamishwe, na ilipofika 1 Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Mashirika mengi nchini yalipunguza kazi. Kwetu ilifika barua fupi ya kusema mradi umesitishwa. Notisi za kuhama hazikusitishwa.

Hata fedha zilipokuwapo, niseme wazi, hazikuwa zikitufikia sawasawa. Ruzuku ya kuwasaidia watu wa Kisauni huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, ikadai hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa. Kikundi cha akina mama kinachoweka rekodi zake kwenye daftari hakiwezi kupita mlango huo, ijapokuwa kimesajiliwa na kila senti yake inajulikana na wanachama. Basi fedha hupitia kwa mashirika makubwa, na sehemu nono huishia kwenye kumbi za hoteli za ufuoni, kwa semina za siku mbili, fulana na mabango. Wanaohudhuria ni wale wale kila mwaka. Ruzuku yenyewe ni ya miezi michache, ilhali kesi ya ardhi huchukua miaka. Wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, walibomolewa nyumba Novemba 2011. Uamuzi wa Mahakama ya Juu uliothibitisha kwamba hata waliokaa kwenye ardhi ya umma wana haki ya makao inayostahili kulindwa ulitoka tarehe 11 Januari 2021. Ni ruzuku gani ya mwaka mmoja ingewafikisha huko?

Najua jibu nitakalopewa: serikali haiwezi kulipia watu wa kuipinga mahakamani. Jibu hilo halisimami. Katiba, Kifungu cha 88, imeipa tume ya uchaguzi jukumu la elimu ya mpiga kura, na fedha za umma hulipia, ijapokuwa mpiga kura aliyeelimika anaweza kuing'oa serikali yenyewe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imeunda huduma ya taifa ya kuwasaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili, na mshtakiwa anayesaidiwa mara nyingi anashindana na serikali hiyo hiyo. Makao ni haki chini ya Kifungu cha 43. Haki isiyojulikana na mwenyewe itadaiwaje?

Huko Marekani kwenyewe, serikali kuu ilianzisha kwa sheria ya mwaka 1987 mpango wa ruzuku kwa mashirika ya mitaa yanayowafunza wapangaji na wanunuzi haki zao na kupokea malalamiko ya ubaguzi wa makao. Ni kweli kwamba Februari 2025 ruzuku nyingi za mpango huo zilikatwa ghafla na mashirika yakakimbilia mahakamani. Lakini walikuwa na sheria ya kuishika mkononi walipokwenda. Sisi, mfadhili akiondoka, hatuna pa kwenda kushtaki.

Nyumba mpya nazo zinahitaji elimu hii. Sheria ya 2024 imetenga nyumba za kijamii kwa mwenye kipato kisichofika Sh20,000 kwa mwezi. Hao ni akina mama wa mahamri, vijana wa mikokoteni, walinzi wa usiku. Maombi hufanywa mtandaoni. Nimewauliza majirani zangu walio katika kundi hilo, na wengi walidhani nyumba hizo ni za watu wa ofisini. Asiyejua kwamba ametengewa kitu hatakiomba, na mwenye kujua atachukua chake na cha mwenzake.

Kwa hivyo nawaomba wawakilishi wa wadi wa Mombasa: makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa mbele yenu kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka. Wekeni humo fungu la ruzuku ndogo kwa vikundi vya mitaa vinavyofunza na kutetea haki za makao. Fomu ziwe za Kiswahili, za kurasa mbili. Ruzuku iwe ya miaka mitatu. Wanaochagua vikundi wasiwe maafisa wa idara ya ardhi wala ya nyumba, kwa sababu hao ndio watakaoulizwa maswali. Kila kikundi kisome matumizi yake hadharani, barazani, mbele ya watu kiliosema kitawahudumia. Na bodi inayosimamia makato ya nyumba itwambie, kwa tarakimu, ni kiasi gani kimetumika hadi leo kuwafunza wananchi wa mapato ya chini namna ya kuziomba nyumba hizo, na kimetumika katika kaunti zipi.

Nanyi wakazi wenzangu, mikutano ya maoni ya umma kuhusu bajeti hutangazwa na huwa wazi kwa kila mtu. Tuhudhurie, tuulize hilo fungu liko ukurasa gani. Na ikiwa mtu ataletewa karatasi asiyoielewa, asitie sahihi wala dole mpaka apate wa kumsomea.

Mkazi wa Kisauni,
Mombasa