Chai si Dawa, Wala si Chakula cha Mtoto

Ndugu mkulima, siku hizi zasifiwa chai za namna nyingi: nyeusi, ya kijani, nyeupe na ya zambarau. Wako hata wanaoziuza kama dawa. Wewe unayeichuma, yafaa ujue ukweli.

Chai nyeusi, ya kijani na nyeupe zaweza kutoka katika mche mmoja. Nyeusi ni majani yaliyopondwa na kuachwa hewani mpaka yageuke rangi. Ya kijani hupashwa moto upesi yasigeuke. Nyeupe ni machipukizi machanga yaliyokaushwa tu. Ya zambarau ina mche wake, TRFK 306, ambao watafiti wa chai wa Kericho waliutoa kwa wakulima mwaka 2011. Zote zina vitu vifaavyo mwilini, na kikombe kimoja huchangamsha. Lakini hakuna hata moja iponyayo malaria au kisukari.

Tena chai ina tanini, nayo hupunguza madini ya chuma ambayo mwili huyapata katika maharagwe na mboga. Madini hayo ndiyo yajengayo damu. Basi mama mjamzito asinywe chai pamoja na chakula. Angoje saa moja au zaidi.

Maoni yetu ni haya: usiuze maziwa yote ukamwachia mtoto chai ya rangi. Pima kwanza kikombe chake, ndipo upeleke yaliyobaki kwenye chama cha ushirika. Fedha ya maziwa yaweza kungoja kesho. Mtoto anakua leo.