Watoto wakikua, Krismasi inabaki ya nani?

Kila Desemba ikiingia, vijana wa umri wangu tunaimba wimbo mmoja: Krismasi siku hizi haina ladha. Nimeyasikia maneno haya kwenye daladala, ofisini, kwenye vijiwe vya kahawa, na mwenyewe nimeyasema mara nyingi tu. Leo nataka tuyajadili, maana naona kama tunaisingizia Krismasi.

Hebu tukumbushane. Krismasi ya utotoni ilikuwa ni nini hasa? Nguo mpya iliyonunuliwa kubwa makusudi ili uikulie. Soda nzima, yako peke yako, si ya kugawana na dada. Pilau linalonukia mtaa mzima. Kuzunguka nyumba kwa nyumba mkiwa kundi, na hakuna aliyewauliza mmekuja kwa nani. Basi! Ukipiga hesabu, kijana mwenye mshahara, hata huu wetu wa kubahatisha, anavimudu vyote hivyo. Soda tunakunywa Jumanne mchana bila hata kushtuka. Kwa hiyo ndugu zangu, ladha iliyopotea si ya soda.

Tulichokuwa tunakifaidi ni jasho la watu wengine. Kuna mtu aliyeanza kuweka akiba tangu Septemba. Kuna mtu aliyekosa nguo mpya ili sisi tupate. Kuna mtu aliyeamka alfajiri kuchambua mchele wakati sisi tumelala fofofo. Sisi tuliamka tukakuta Krismasi ipo tayari, kama vile imeota usiku kama uyoga. Sasa tumekua, wapishi wamezeeka, halafu tunakaa mezani tunalalamika kwamba chakula hakiji!

Tuugeuzie na upande wa pili, ambao hatuuzungumzi sana: kwa wazazi hali ikoje? Mimi kwetu ni Kilimanjaro, na utani wa Wachaga na Desemba mnaujua, sina haja ya kuurudia. Watu hujazana stendi ya Mbezi, kama walivyokuwa wakijazana Ubungo kabla ya stendi kuhamishwa mwaka 2021, na LATRA huwaonya wenye mabasi wasipandishe nauli kiholela. Mwaka 2019 hata treni ya abiria ilirudi Moshi, baada ya kupotea kwa zaidi ya miaka 20. Ukiangalia msururu ule utadhani hakuna mzazi atakayebaki peke yake.

Wapo. Kwa mila zetu, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hurithi nyumba ya wazazi, na ndiye aliyetarajiwa kubaki nao kihambani. Huyo mtoto wa mwisho leo yuko Dar anatafuta maisha, au yuko Mwanza, au yuko nje ya nchi kabisa. Migomba imebaki na wazee wawili. Mama yangu siku hizi anapikia sufuria dogo. Lile kubwa lipo, limefunikwa juu ya kabati, na sijawahi kumsikia akisema lolote kuhusu jambo hilo. Ndiyo maana linaniuma.

Lakini pia tusidanganyane, kurudi nako kuna mambo yake. Kuna maswali: utaoa lini, umejenga wapi, mbona mwenzako wa jirani ana gari. Kuna ndugu ambao hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba, na wote watakutana kwenye mbege ile ile. Ukioa au kuolewa mkoa mwingine unazuka mjadala wa mwaka huu tunaenda kwa nani. Na kuna wanaorudi kuonyesha magari tu, wakiondoka wameacha madeni na vumbi. Anayeogopa haya yote simlaumu. Wala simlaumu nesi, mlinzi, dereva au mwandishi aliyepangiwa zamu tarehe 25.

Tangu M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008, tumepata njia rahisi ya kutuliza dhamiri. Unatuma hela ya mbuzi, unapiga simu, unasikia "Mungu akubariki mwanangu", mambo yamekwisha. Siidharau hela. Hela inanunua dawa ya presha na inalipa kibarua wa kupalilia. Ila hela haikai kwenye kigoda ikasikiliza mzee akisimulia kwa mara ya kumi jinsi alivyofukuzwa shule. Tatizo linaanza pale tunapotuma ile elfu hamsini ili ikae badala yetu, mwaka huu, mwakani, na mwaka unaofuata.

Mimi naona hivi. Kwanza, ndugu wa tumbo moja wapeane zamu, asikose hata mmoja nyumbani kila mwaka. Pili, tarehe isitufunge mikono. Waorthodoksi wa Ethiopia husherehekea Januari 7 na kwao ni Krismasi kamili. Mzee wako hatakataa mbuzi wa Januari katikati, nauli ikiwa imeshuka na wenye magari ya kuonyesha wamesharudi mjini. Tatu, ukienda, usiende kama mgeni. Ingia jikoni, shusha lile sufuria kubwa, mama akae.

Krismasi ile ya utotoni hairudi, na nadhani ni sawa isirudi. Ilikuwa zawadi, na zawadi hailipwi kwa kuidai tena. Sasa ni zamu yetu kuipika, kwa wazee wetu na kwa watoto watakaokuja kulalamika kwamba haina ladha.

Nauli ndiyo hizo zinapanda, amua mapema. Krismasi njema, popote utakapokuwa.