Tusiwavunjie Wanafunzi Videge Vyao

Miaka kadhaa iliyopita, mwandishi wa safu hii alikuwa mgeni katika shule moja ya sekondari ya bweni ambayo jina lake tutalisitiri. Wakati wa mapumziko ya saa nne, kitu cheupe kilipaa kutoka nyuma ya mabweni, kikaupita mlingoti wa bendera, kikageuka polepole kama mwewe atafutaye kifaranga, kisha kikagonga dirisha la chumba cha walimu. Kioo hakikuvunjika. Kilichovunjika ni kitu chenyewe, kwani mwalimu wa zamu alikiokota, akakikunja kwa goti mbele ya wanafunzi wote, na kumwamuru aliyekiunda apige magoti hadi kengele ya chakula cha mchana. Kosa lake lilikuwa kuchezea takataka wakati wenzake wanasoma.

Takataka hiyo ilikuwa kidege kisicho na injini. Mabawa yake yalikatwa kutoka kwa lile sponji gumu jeupe ambalo televisheni mpya huwekewa ndani ya katoni. Uti wake ulikuwa ufito wa mwanzi. Pua yake ilitiwa uzito kwa misumari miwili iliyofungwa kwa utepe wa gundi. Saa nane mchana siku iyo hiyo, mwalimu wa fizikia aliingia katika darasa la kijana yule kufundisha kitovu cha uzito. Alichora mstari ubaoni, akatia alama katikati yake, na kuwaambia wanafunzi wanakili.

Hatukusudii kumkejeli mwalimu yeyote. Walimu wetu wana vipindi vingi, wanafunzi wengi na wakubwa wengi wanaodai alama nzuri. Lakini kisa hiki kinaonyesha ugonjwa ambao haujapona hadi leo: tunafundisha sayansi kama hadithi ya mambo yaliyofanywa na watu wengine, kisha tunamwadhibu mtoto anayejaribu kuyafanya mwenyewe. Safu hii inashikilia kwamba kila shule yenye uwanja wa kandanda inaweza kuwa na chama cha kuunda na kurusha videge, na kwamba kinachokosekana si fedha bali ruhusa.

Tuanze na historia, maana wako wanaodhani kwamba kidege kisicho na injini ni mchezo tu wa watoto. Mjerumani Otto Lilienthal aliruka kwa mabawa aliyojiundia kati ya mwaka 1891 na 1896, na mwaka huo wa mwisho akafa baada ya kuanguka. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliokuwa na duka la baiskeli mjini Dayton, Ohio, walisoma habari zake na kuendeleza kazi. Kabla ya kutia injini, waliunda ndege zisizo na injini mwaka 1900, 1901 na 1902. Ile ya mwaka 1901 ilipowavunja moyo, hawakukimbilia kununua kitu cha bei kubwa zaidi. Walitengeneza sanduku la mbao, wakapitishia upepo ndani yake na kupima maumbo madogo ya mabawa, moja baada ya jingine. Ndege yao yenye injini iliruka tarehe 17 Desemba 1903. Kwa hivyo, mafundi wa baiskeli walitangulia kuelewa bawa, injini ikaja baadaye. Na nchi yetu haina uhaba wa mafundi wa baiskeli.

Sasa tuje uwanjani. Chama cha shule kianze na kidege cha kutupwa kwa mkono, bila redio. Vifaa ni sponji gumu la kutupwa, mwanzi, karatasi ya msasa, utepe wa gundi na gundi nyeupe ya seremala. Gundi nyingine kali huyeyusha sponji hilo, kwa hivyo ni busara kuijaribu kwanza kwenye kipande kisichohitajika. Mabawa yawe na urefu wa mita 1 kutoka ncha hadi ncha na upana wa sentimita 15. Ncha zake ziinuliwe kidogo, kama mwewe azishikavyo zake apaapo, ili kidege kikiinama upande mmoja kijirudishe chenyewe. Kitovu cha uzito kikae kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, yaani kati ya sentimita 3.75 na 5. Mwanafunzi hukipata kwa kukiinua kidege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa na kuona kinaelemea wapi.

Hapo ndipo somo linapoanza. Kidege hutupwa kwa usawa kuelekea kule upepo utokako. Kikiinua pua, kikasita, kisha kikaanguka, pua ni nyepesi mno, aongeze msumari. Kikipiga mbizi moja kwa moja, pua ni nzito mno, aondoe. Abadilishe kitu kimoja tu kwa kila mrusho, na aandike daftarini alichobadilisha na umbali uliopatikana. Baada ya mirusho 20, mwanafunzi huyo atakuwa amefanya uchunguzi wa kisayansi ulio kamili kuliko majaribio mengi ambayo matokeo yake huandikwa ubaoni kabla hayajafanywa.

Hatua ya pili ni manati. Mipira ya ndani ya baiskeli iliyochakaa hukatwa vipande vyembamba, vikaunganishwa na kufungwa kwenye kigingi ardhini. Upande wa pili hufungwa kamba ya nailoni yenye pete, na pete hiyo hutiwa kwenye ndoano iliyo tumboni mwa kidege, mbele kidogo ya kitovu cha uzito. Mpira unapovutwa na kidege kuachiliwa, hupanda kama tiara. Kamba inapolegea, pete huchomoka yenyewe, na kuanzia hapo kidege hakitegemei tena chochote isipokuwa mabawa yake.

Tuseme kimefika kimo cha mita 20, na kwamba huenda mbele mita 8 kwa kila mita 1 kinayoshuka. Mwanafunzi wa hesabu ataona mara moja kwamba kitatua umbali wa mita 160. Lakini uwanja wa kandanda una urefu wa mita 100 hivi. Kidege kitakwenda wapi? Kitavuka ua na kuangukia shamba la jirani, au barabarani, au kwenye dirisha la chumba cha walimu. Sharti kigeuke. Na hapa ndipo redio inapokuwa haja, wala si anasa.

Redio hiyo ni chombo cha mkononi cha kutuma amri, kipokezi kidogo ndani ya kidege, na mota mbili ndogo ziitwazo servo, ambazo zile za bei nafuu zina uzito wa gramu 9 hivi kila moja. Moja huvuta usukani ulio kwenye mkia wima, nyingine huinua na kushusha ubao wa mkia wa mlalo. Nyaya za kuunganisha mota na mkia zaweza kuwa spoki za baiskeli. Betri nne ndogo za kuchajiwa, za umbo la zile za tochi, zatosha kuviendesha vyote, na zikiwekwa puani hutoa ule uzito ambao ungehitaji misumari. Kidege chote kikiwa na uzito wa gramu 300 hivi, mabawa yetu yatakibeba bila shida.

Ni kweli kwamba redio ndiyo kifaa pekee kinachogharimu fedha za kutosha kumfanya mzazi akune kichwa. Lakini tusisahau kwamba redio haifi kidege kinapovunjika. Huchomolewa na kupachikwa kwenye kingine. Redio moja inaweza kukihudumia chama kizima kwa zamu, muhula baada ya muhula, huku kila kundi likijiundia mwili wake wa sponji. Shule inayonunua vikombe vya kuwapa washindi wa kandanda haiwezi kudai kwamba kifaa kimoja cha aina hiyo kitaifilisi.

Aidha, redio hufundisha unyenyekevu. Kidege kinapokwenda mbali, kulia ni kulia. Kinaporudi kumwelekea mrushaji, kulia kwake huwa kushoto, na wengi hukiangusha hapo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kidege cha sponji kilichovunjika asubuhi huweza kuruka tena jioni, na mwanafunzi aliyekikarabati mara tatu hujua ni wapi pana udhaifu kuliko yule aliyenunuliwa kilichoundwa kiwandani.

Usalama nao si jambo la kupuuzwa. Mpira wa manati ukikatika unaweza kumpofua mtu. Asimame mmoja tu nyuma yake, avae miwani ya kukinga macho, na pasiwe na mtu mbele. Sponji lisichomwe moto, kwa kuwa moshi wake una sumu. Chombo cha kutuma amri kiwashwe kabla ya kipokezi, na kizimwe baada yake. Tena nchi yetu ina kanuni za mwaka 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani, zinazosimamiwa na mamlaka ya safari za ndege, KCAA. Kabla ya kurusha kidege cha redio, mwalimu mkuu na aiandikie mamlaka hiyo aulize linaloruhusiwa mahali pake, hasa ikiwa shule iko karibu na uwanja wa ndege. Mamlaka nayo haina budi kuwajibu walimu kwa lugha nyepesi, na isimchukulie mtoto mwenye bawa la sponji kana kwamba ni mfanyabiashara wa angani.

Wako watakaosema kwamba mtihani hauulizi habari za videge. Tunawajibu kwamba mtihani huuliza nguvu, kasi, pembe, uwiano na eneo, na hayo yote yamo katika kidege. Wako pia watakaosema kwamba mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 na kufika Gredi ya 10 mwezi Januari 2026, tayari umejaa miradi. Ni kweli, lakini mingapi kati ya miradi hiyo hufanywa na mtoto? Kilio cha wazazi kinajulikana: mradi huletwa nyumbani jioni, baba akatafuta fundi, na asubuhi mtoto akapewa alama za kazi ya mtu mwingine. Kidege hakikubali udanganyifu huo. Kikiletwa na fundi, mtoto hatajua kwa nini kinapiga mbizi, na darasa zima litashuhudia.

Yafaa pia tukumbuke yaliyotukuta. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, nao uliahidi kumfanya mtoto awe na ujuzi wa mikono. Wazazi walichangishwa, karakana zikajengwa, kisha somo la ufundi likaondolewa katika mtihani wa shule za msingi na karakana nyingi zikageuka maghala ya madawati mabovu. Tukiufanya mtaala huu mpya kuwa wa makaratasi na picha za kupigwa kwa simu, tutakuwa tumelirudia kosa lile lile kwa gharama kubwa zaidi.

Na gharama hiyo si ya shule pekee. Nchini Rwanda mwaka 2016, na katika kaunti ya Kisumu mwaka 2022, ndege ndogo zisizo na rubani zilianza kupeleka mahitaji ya hospitali na zahanati. Zina mabawa yasiyopigapiga, hufyatuliwa kutoka mtamboni mithili ya jiwe la manati, na hudondosha mzigo kwa mwavuli. Zilibuniwa na kampuni ya Marekani. Tunaishukuru kazi hiyo, lakini lazima tujiulize ni nani atakayebuni zitakazofuata. Kijana wa Iten amekua akiwatazama wageni wakipaa kwa miavuli yenye umbo la bawa juu ya Bonde la Kerio, wakibebwa na hewa inayopanda ukingoni mwa bonde. Kijana wa Ngong anaujua upepo wa vilima vyake kuliko kitabu chochote. Kwa nini ujuzi huo uishie kwenye kutazama?

Kwa hivyo tunatoa rai. Walimu wakuu watenge alasiri moja kwa juma na pembe moja ya uwanja, mbali na madirisha. Walimu wa fizikia na wa hesabu wagawane kazi ya kusimamia. Wasichana wasiachiwe kushika daftari tu, nao warushe. Wazazi wasitupe sponji la televisheni mpya. Na wanafunzi wasingoje redio wala mfadhili: mwanzi upo, gundi ipo, na upepo hautozwi ushuru.

Na siku kitu cheupe kitakapoupita tena mlingoti wa bendera na kuangukia kizingitini mwa chumba cha walimu, tunamsihi mwalimu wa zamu asikikunje kwa goti. Akiinue kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, aone kinaelemea wapi, kisha amwite mwenyewe na kumwuliza: umetia uzito kiasi gani puani, na kwa nini?