Usisahau Ubaharia: Funzo la Ukoo wa Parler

Historia ya usanifu wa majengo ina mazoea ya kumtafuta shujaa mmoja. Kanisa kuu likisifiwa, huulizwa ni nani aliyelijenga, na jibu linalotarajiwa ni jina moja tu. Mintarafu ya kanisa kuu la Mtakatifu Vitus jijini Prague, jina hilo ni Peter Parler. Makala haya yanashikilia kuwa jibu hilo ni nusu ya ukweli, na kwamba nusu iliyosalia imo ndani ya jina lenyewe.

Hapo awali, Parler lilikuwa cheo. Neno hilo lina asili ya kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kusema. Katika Ujerumani ya karne ya 14 lilimtaja mnyapara wa waashi, yaani mtu aliyesimama baina ya bingwa wa ujenzi na wachonga mawe, akalipokea agizo la mmoja na kuligeuza kuwa kazi ya mikono ya wengi. Hadi leo Wajerumani humwita msimamizi wa waashi Polier. Ni ajabu iliyoje kwamba ukoo uliotoa mabingwa wa kuajiriwa na kaizari ulijulikana kwa cheo cha mtu wa pili! Wahenga walituasa tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Watu hawa waliuvaa ubaharia wao kama jina.

Baba wa ukoo, Heinrich, alifanya kazi katika mji wa Gmünd, kusini mwa Ujerumani. Katika Kanisa la Msalaba Mtakatifu mjini humo, ambalo sehemu yake ya madhabahu ilianza kujengwa mwaka wa 1351, ukumbi wa kati na njia zake za kando vina kimo kimoja. Matokeo yake ni nafasi moja pana inayopokea mwanga kutoka kila upande. Katika karakana kama hiyo mtoto hakusomea ujenzi vitabuni. Aliusikia ukisemwa na kuuona ukitendwa, akaushika mkononi.

Peter ni zao la karakana hiyo. Maandishi yaliyomo katika kanisa la Prague yanasema kuwa Kaizari Charles IV alimtoa Gmünd akiwa na umri wa miaka 23, naye akaanza kusimamia kazi mwaka wa 1356. Hakukuta uwanja mtupu. Matthias wa Arras, bingwa kutoka Ufaransa, alikuwa ameianza kazi mwaka wa 1344 na kuaga dunia mwaka wa 1352, akiacha sehemu ya mashariki imesimama nusu. Peter aliupokea msingi wa mtangulizi wake, akajenga juu yake, kisha akathubutu kwenda njia yake. Katika dari za mawe za Kigothi zilizotangulia, aghalabu mbavu za kila sehemu zilikutana katikati, kana kwamba kila sehemu ni chumba kinachojitegemea. Peter alizipanga mbavu jozi jozi, zikapishana na kuvuka kutoka sehemu moja hadi nyingine mithili ya wavu wa mvuvi. Jicho likitazama juu halipati pa kusita. Sehemu hiyo ya kanisa ilikamilika mwaka wa 1385, na mtindo huo ukaenea Ulaya ya Kati.

Isitoshe, juu ya matao ya kanisa hilo kuna ujia wenye sanamu 21 za vichwa na mabega, zilizochongwa na karakana ya Peter. Wamo Kaizari na jamaa zake, maaskofu wakuu na wasimamizi wa ujenzi. Peter mwenyewe yumo, na Matthias yumo pia. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Karakana iliyompandisha mwashi hadi kwenye safu ya wafalme haikumsahau mwashi aliyetangulia, hata ingawa hakuwa wa damu yao.

Huenda msomaji akapinga kuwa huu ulikuwa upendeleo wa kindugu tu. Pingamizi hilo lina uzito. Ukoo ulishika kazi nyingi: Heinrich na Michael waliongoza ujenzi wa kanisa la Ulm, ulioanza mwaka wa 1377, Johann wa Gmünd aliajiriwa Freiburg mwaka wa 1359, na mwana wa Peter aitwaye Johann anahusishwa na Kanisa la Mtakatifu Barbara huko Kutná Hora, lililoanzishwa mwaka wa 1388. Bila shaka jina liliwafungulia milango. Lakini jina halikutosha kuwabakiza ndani. Heinrich wa Gmünd, ambaye wataalamu wengi humhesabu katika ukoo huu, aliitwa Milano mwishoni mwa mwaka wa 1391. Akatofautiana na wenyeji kuhusu namna ya kulijenga kanisa lao, na katika mwaka wa 1392 akaachishwa kazi. Huko Ulm nako, mwaka huohuo, usukani ulimwangukia Ulrich wa Ensingen, asiyekuwa wa ukoo huu.

Peter alifariki mwaka wa 1399 na kanisa lake halijakwisha. Lilikamilika mwaka wa 1929. Mnara wa Ulm ulifika kileleni mwaka wa 1890, zaidi ya karne tano baada ya jiwe la kwanza kuwekwa. Je, ni nani basi aliyeyajenga makanisa haya? Kidole kimoja hakivunji chawa, seuze kuinua mnara wa mita 161!

Sisi tunaosoma fasihi tunalijua swali hili, kwani nasi hupenda kumkabidhi mtunzi mmoja sifa zote za kazi iliyopita katika vinywa na mikono ya wengi. Simaanishi kuwa kipawa cha Peter kipuuzwe. Dari lile la wavu ni lake, na hakuna kamati iliyolibuni. Ninachodai ni kwamba tuwafundishe wanaoanza kuuliza maswali mawili badala ya moja: ni nani aliyebuni, na ni nani aliyelipokea neno lake na kulifikisha kwa wenye patasi? Ukoo wa Parler ulijibu la pili kila ulipotaja jina lake.