Siti Mbili Zimejaa

Kuna jamaa kazini kwetu anayeendesha Mazda MX-5 kila siku, Ruaka hadi Upper Hill na kurudi. Siti mbili, milango miwili, buti ya kutosha mkoba na pea ya viatu. Kila Jumatatu anachekwa bure. Mara anaulizwa watoto atawaweka wapi, na hana watoto. Mara gari yake ni ya mtu mchoyo, mtu asiyetaka kumbebea shangazi gunia la viazi kutoka ushago. Mara matuta ya Nairobi yatamla bampa. Halafu inakuja ile hukumu ya mwisho, na kwa kawaida anayeitoa ni mtu aliyekuja kazini peke yake ndani ya Prado: hiyo si gari ya kila siku.

Mimi nina ugomvi na hiyo hukumu, na ugomvi wenyewe nimetoka nao nyumbani, Lokori, Turkana Mashariki, kando ya mto Kerio. Nitafika huko. Tuanze na hesabu ya hapa mjini kwanza.

Panda daraja la waenda kwa miguu pale Waiyaki Way saa moja asubuhi uhesabu vichwa. Gari ya siti tano, kichwa kimoja. Gari ya siti saba, kichwa kimoja na mkoba wa laptopu uliofungwa mshipi kama mtoto. MX-5 ikipita, kichwa kimoja pia, sikatai. Lakini imebakisha siti moja tu. Huyo jamaa akimchukua jirani yake pale stejini, gari imejaa. Prado ili ijae inahitaji familia nzima na mgeni juu. Sasa kati ya hawa wawili mchoyo ni nani?

Ati haiwezi barabara zetu. Hebu tukumbushane. Mwaka 1971 Safari Rally ilishindwa na Datsun 240Z, gari ya michezo ya siti mbili, ikiendeshwa na Edgar Herrmann. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akaishinda tena kwa 240Z. Matope, vumbi, mawe, na ile gari ikafika. Najua utasema zile zilikuwa zimeundwa upya na mafundi walikuwa wanazisubiri njiani. Kweli kabisa. Ndiyo maana simshauri mtu aende Lokori na MX-5. Tumbo lake liko chini ya sentimita 15 kutoka ardhini, na mchanga wa laga za kwetu haujui jina la gari. Ninachosema ni kwamba tumezoea kuulaumu umbo la gari kwa mambo ambayo ni ya barabara, na ya wenye kuamua barabara ipite wapi.

Kwa sababu Lokori tunapanda siti mbili kila siku. Hatukuchagua.

Siti mbili ya kwanza ni pikipiki. Sheria ya trafiki ya Kenya inasema pikipiki ya magurudumu mawili ibebe dereva na abiria mmoja, basi. Kwa mujibu wa sheria, hiyo ni gari ya siti mbili isiyo na paa, ambayo mjini watu wanaiota wakiwa wamelala. Kwetu ndiyo teksi, ndiyo lori la unga, na usiku ndiyo ambulensi. Mgonjwa anakaa katikati, mtu wa kumshikilia nyuma yake, dereva mbele, na hapo sheria imeshavunjwa kabla ya kutoka sokoni. Miba ya mathenge inatoboa tairi, mnashuka, mnaziba, mnapanda tena. Mtu asiniambie kuhusu gari isiyofaa kila siku.

Siti mbili ya pili ni Land Cruiser pikapu, ile ya kabini moja. Mbele anakaa dereva na mtu mwenye cheo, au mzee, au aliyelipa zaidi. Wakibanana watakuwa watatu. Nyuma tunakaa sisi wengine, juu ya magunia, na mbuzi miguuni, mkono umeshika chuma mpaka unakufa ganzi. Watu ishirini kwenye gari ambayo mtengenezaji aliipa siti mbili tatu. Ukiniuliza siti ni nini nitakujibu hivi: siti ni uamuzi wa nani anastahili kukaa.

Ya tatu ndiyo imenifanya niandike. Ni gari nyeupe, ndefu, yenye antena, siti saba au nane, AC imewashwa, madirisha yamefungwa. Ndani kuna watu wawili. Unaiona Lokori, Lokichar, Lodwar, na ukienda Kakuma unaona msururu wake. Nyingine zina namba ya GK, nyingine za kaunti zina CG, nyingine zina nembo ya shirika mlangoni, nyingine za kampuni. Ubavuni mwa baadhi kuna stika ya bunduki iliyokatwa mstari mwekundu, na ndani ya ofisi kuna kanuni: ni marufuku kubeba abiria wasioidhinishwa.

Hii ndiyo gari ya michezo ya Turkana. Kubwa, ghali, na kimatumizi ni siti mbili. Land Cruiser V8 ya dizeli ina injini ya lita 4.5. MX-5 ya Japani yenye paa la kitambaa ina ya lita 1.5. Moja inasukuma injini mara tatu ya mwenzake kubeba watu wale wale wawili, na anayeitwa mtu wa anasa ni yule jamaa wa Ruaka aliyenunua yake kwa mkopo wa sacco.

Kaunti ya Turkana ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976. Kutoka Lokori hadi hospitali ya rufaa Lodwar ni zaidi ya kilomita 140, na lami unaikuta Lokichar, yaani baada ya kula vumbi kwanza. Katika nchi kama hiyo siti tupu si jambo la tabia ya dereva.

Mwaka 2012 mafuta yalipatikana Ngamia, upande wa Lokichar. Magari meupe yakaongezeka. Mwaka 2018 malori yakaanza kupeleka mafuta ghafi Mombasa, zaidi ya kilomita 1,000, wananchi wakayazuia kwa wiki kadhaa wakidai usalama, yakaendelea. Agosti 2019 meli ikaondoka na mafuta hayo. Kitu kimoja kuhusu hayo mafuta hakinitoki akilini. Yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo yalisafirishwa kwenye matangi maalum ya kuyahifadhia joto. Njia nzima. Mtu alikaa akafikiria mafuta yasije yakapata baridi.

Mama yangu mdogo alipelekwa akijifungua, kwenye pikipiki, akiwa katikati. Alikuwa na barua ya nesi. Njiani walipitwa na magari mawili meupe, moja baada ya lingine, yote yakielekea huko huko. La pili lilipunguza mwendo, nadhani ili lisiwatilie vumbi. Mtoto hakufika hai. Sisemi siti ingemwokoa, mimi si daktari, na siandiki majina yaliyokuwa kwenye milango. Nasema tu kulikuwa na siti kumi hivi zilizoenda Lodwar siku hiyo zikiwa zimebeba hewa baridi.

Nikisema haya mjini najibiwa mambo mawili. La kwanza ni bima. Ati abiria asiye wa ofisi akiumia, ofisi itashtakiwa. Basi nenda kwa wakala yeyote wa bima umuulize juu ya bima ya dhima kwa abiria: huongezwa kwenye gari na huhesabiwa kwa siti. Siti inaweza kununuliwa bima. Shirika linaloweza kulipia mafundi, matairi na mafuta ya V8 mwaka mzima linaweza kulipia hilo. Kama halitaki, liseme halitaki, lisijifiche nyuma ya wakala.

La pili ni usalama, na hili nalipa heshima yake. Barabara za Turkana Mashariki si mchezo. Kapedo, huko mpakani na Baringo, askari waliviziwa wakauawa mwaka 2014, na watu wa kawaida wameendelea kufa tangu hapo bila kutajwa redioni. Sitaki dereva asimame gizani kwa kila mkono ulioinuliwa. Lakini mama mwenye barua ya rufaa, aliyesajiliwa zahanati, anayejulikana na nesi kwa jina, si mtu asiyejulikana. Mwanafunzi mwenye sare na sanduku la bati siku ya kufungua shule si jambazi. Na hoja hii ina shimo katikati: kama barabara ni hatari kiasi hicho kwa watu wawili walio ndani ya chuma, ni hatari kiasi gani kwa watatu walio juu ya pikipiki?

Madereva siwalaumu. Wengi ni vijana wa huko huko, na wengi hubeba watu kwa siri. Wanawashusha kabla ya geti, wanawaambia wapanguse alama za vidole kwenye kioo. Fikiria hiyo: mtu anaficha wema kama magendo kwenye kizuizi cha polisi, kwa sababu akionekana atapoteza kazi. Kanuni inayomfanya dereva mzuri awe mwizi wa siti iliyo tupu ni kanuni ya kipumbavu, hata iwe imechapwa Nairobi au Geneva.

Kwa hiyo jamaa wa Ruaka mwacheni. Akitaka kuendesha siti mbili mpaka astaafu, aendeshe, alipe petroli yake, apigwe na jua la Limuru Road huku paa limekunjwa. Gari yake haikuahidi mtu siti nane.

Nyinyi mnaofanya kazi kwenye hizo ofisi, na najua mnaosoma hapa mpo wengi, maana nusu ya marafiki zangu wa chuo ndiko walikoajiriwa, kuna fomu ya safari ambayo dereva hujaza kabla ya kuwasha gari: tarehe, kilomita, lita, anakoenda, sahihi. Ongezeni safu moja ya siti zilizobaki. Halafu dereva apige simu zahanati ya Lokori kabla hajatoka, aulize kama kuna mtu mwenye barua. Simu yenyewe haichukui dakika mbili, na mtandao ukishikilia pale sokoni unapatikana vizuri.