Ringi ziko, lakini zimekaa wapi?

Wasee, shikeni biro. Weka karatasi juu ya ncha yake, halafu uivute karatasi chini kwa mikono miwili. Imetoboka, si ndio? Sasa hiyo biro ni nguzo, na karatasi ni slabu ya ploti yako.

Kuna gorofa zinajengwa siku hizi bila bimu, slabu inakalia nguzo moja kwa moja. Zinapendeza, dari iko safi, paking ina nafasi. Lakini uzito wa sakafu yote unashukia hapo kwa nguzo. Ukizidi, slabu inaweza kukatika ghafla bila kukuonya. Ufa unaanzia chini penye nguzo, unapanda kwa mshazari, na kipande kinachobaki juu ya nguzo kina umbo la koni.

Ndio maana injinia huchora ringi za kusimama ndani ya slabu, ziushike huo ufa. Shida yangu ni hii: watu wanahesabu ringi, hawapimi zimekaa wapi.

Eurocode 2, ambayo mainjinia wetu pia hutumia, inapima kila kitu kutoka uso wa nguzo. Tuseme kutoka chini ya slabu hadi katikati ya vyuma vya juu ni milimita 200. Mstari wa kwanza wa ringi ukae kati ya milimita 60 na 100 kutoka kwa nguzo. Kila unaofuata usizidi milimita 150 kutoka ule wa kabla. Ukisukuma wa kwanza mpaka 250, ufa unaweza kupita kati ya nguzo na ringi, na hizo vyuma zote ulizonunua zimekuwa mapambo.

Nimesimama kwa mjengo fulani nikaona vijana wamefunga vyuma vya juu kwanza. Ringi zikakataa kuingia karibu na nguzo, maana hapo vyuma vimesongamana kama stage ya matatu saa kumi na mbili jioni. Wakaziweka kando, penye nafasi. Halafu fundi wa bomba naye akapitisha paipu ya choo ubavuni mwa nguzo, pale pale. Lori la zege lilikuwa limefika, hakuna aliyetaka stori. Fundi simlaumu sana. Mchoro aliopewa ulikuwa fotokopi ya fotokopi.

Mkidhani nawatisha, someni kuhusu duka la Sampoong, Seoul. Slabu bila bimu, nguzo zikapunguzwa unene, mitambo mizito ya kupoza hewa ikawekwa juu ya paa. Asubuhi ya 29 Juni 1995 nyufa zilionekana orofa ya juu, duka likabaki wazi. Jioni likaanguka. Walikufa watu 502.

Ninachotaka ni kidogo. Kabla zege haijamwagwa, injinia apime ringi za kila nguzo, apige picha tepu ikionekana, na picha zikae kwa faili ya jengo. Landilodi asiniambie ni gharama, hata simu yangu ya kioo kilichopasuka inapiga picha. Na wewe ukienda kuangalia nyumba, ukishauliza kuhusu maji na Wi-Fi, uliza hizo picha ziko wapi.