Afya Yetu: Mkojo Upunguapo

Juma hili nataka kunena habari ambayo wengi huionea haya, nayo ni kupungua kwa mkojo. Haya hiyo ilikaribia kumwua jirani yangu mmoja hapa Isiolo.

Mzee huyo, mfugaji wa ngamia, alikaa siku mbili akitoa matone tu. Alidhani ni joto la nchi yetu, akanywa maji mengi, na tumbo la chini likazidi kumwuma. Alipopelekwa hospitali alitiwa mpira, na mkojo ukatoka tele. Kumbe tezi dume iliyokua ilikuwa imeziba mlango. Mkojo haukupungua, njia ndiyo iliyofungwa.

Basi na tujifunze kwa mto wetu, Ewaso Nyiro. Kiangazi mto hukauka huku chini kwa kuwa maji machache hushuka kutoka milimani. Kadhalika figo hazifanyi mkojo zisipopata damu ya kutosha. Hayo huletwa na jua kali, kuhara, kutapika, kutoka damu nyingi, au udhaifu wa moyo. Sababu ya pili ni figo zenyewe kuumia, kwa malaria kali, sumu ya baadhi ya nyoka, au dawa za maumivu zinywewazo ovyo. Ya tatu ni njia kuzibwa, kwa mawe au kwa tezi dume, kama yaliyompata mzee.

Mtu mzima mwenye afya hutoa mkojo yapata lita 1 hadi 2 kwa siku. Ukishuka chini ya nusu lita, yapasa kumwona daktari.

Ikiwa mkojo ni mchache na wa rangi nzito baada ya kazi ya juani, pumzika kivulini unywe maji. Mwenye kuhara achanganyiwe lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Lakini mkojo ukikatika kabisa, uso na miguu ikivimba, au mtoto mchanga akipitisha saa 6 bila kukojoa, usingoje kesho.

Ngamia ameumbiwa figo za kutunza maji siku nyingi; binadamu hakuumbwa hivyo. Wazee wetu, semeni mapema, hata kwa kunong'ona. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humwumbua.